Kuku wa Siwema

Adhuhuri ilishaadhiniwa na Siwema hakuwa amemuuzia mtu hata kipapatio. Siku nyingine saa kama ile karai lingekuwa na mafuta matupu, na vijana wa viatu vya mitumba wangekuwa wanagombania shingo na firigisi za mwisho huku wakimwita mama, anti, shemeji, kila mmoja kwa kadiri ya njaa yake. Leo mapaja yalikuwa yamejipanga juu ya sinia kama wageni waliofika harusini mapema mno. Aliyarudisha kwenye mafuta yapate moto, akayatoa, akayarudisha tena, na kila alipoyatoa yalikuwa yamezidi kukauka.

Si kwamba soko la Mchikichini lilikuwa tupu. Watu walikuwa wanakanyagana. Ila kila aliyefika karibu na meza yake alikumbuka ghafla kwamba njia nzuri iko ng'ambo ya mtaro, akaruka, akapita huko. Siwema alikuwa akikaanga kuku mahali pale tangu mimba ya mwanawe Kuruthumu, na Kuruthumu sasa alikuwa darasa la pili. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona watu wakiupenda mtaro namna ile.

Alimwona Samson, muuza viatu, mteja wake wa kila siku, akipita na uso ameugeuzia upande wa magunia.

"Samson, leo umefunga?"

Samson alisimama kwa vile alikuwa ameshaitwa. "Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unanipita kama unakimbia mgambo?"

"Mama, mi naomba usinielewe vibaya."

"Sema kwanza, kuelewa niachie mimi."

Samson alitoa simu, akamwonyesha bila kumtazama. Ilikuwa video fupi. Mkono wa mwanamke wenye bangili nyekundu ulikuwa unafunua kifuniko cha ndoo ya bluu, na Siwema aliijua ile ndoo kwa sababu ilikuwa yake. Ndani kulikuwa na miguu myeusi, myembamba, imejaa hadi ukingoni, imenyunyiziwa chumvi, kucha zikiangalia juu. Sauti ilisema: "Wana Mchikichini, kuku tunaokula ndio hawa. Mume anaua kunguru, mke anakaanga. Mimi nimeshakula, nyie msiokula shukuruni Mungu." Sauti ilikuwa ya Badria, mpangaji mwenzake, chumba cha pili toka mlango wa uani.

"Hiyo ni miguu ya kazi ya mume wangu," Siwema alisema. "Haihusiani na mimi. Mimi nauza kuku."

"Najua, mama. Ila washkaji wameshaisambaza. Ipo kwenye magrupu yote."

"Kama unajua, chukua hili ule. Sitaki hela."

Samson alilipokea paja kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akasema atalila kibandani kwake. Siwema alimsindikiza kwa macho. Samson alipofika kwenye kona, akidhani haonekani, aliliweka paja juu ya lundo la taka taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na kabla hajageuka kunguru alikuwa ameshatua. Siwema alizima moto. Hakulia pale; aliona aibu kuwalilia watu waliokuwa wanamkwepa.

Mumewe, Uwesu, alikuwa mtega kunguru. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, haina jina zuri zaidi. Kulikuwa na mradi uliokuja kupunguza wale kunguru wa shingo ya kijivu ambao mji mzima umewazoea kama walizaliwa nao. Si wa kwetu wale. Waliletwa Zanzibar zamani za wakoloni ili wale takataka, wakavuka huku. Yule kunguru wa kienyeji mwenye fulana nyeupe walimfukuza mjini, na walipoona hakuna wa kuwazuia wakaanza kuifuata njia ya Pugu, kwenda msituni kula mayai na makinda ya ndege wasiojua hata kupiga kelele. Wakubwa wa mradi walisema msitu hauwezi kuokolewa msituni. Lazima kunguru wapunguzwe huku mjini wanakoshibia, kwenye mapipa ya Kariakoo na mapaa ya Mchafukoge.

Uwesu alizaliwa Kisarawe, nyumba ya mwisho kabla ya miti. Aliwahi kumwambia mkewe kwamba utotoni asubuhi ulikuwa huwezi kulala kwa kelele za ndege, chozi, ninga na kurumbiza. Idi iliyopita alikwenda kwao, akaamka alfajiri, akasikia sauti ileile ya kunguru wa jalalani Mchikichini. Alirudi akawa mnyonge siku nzima. Siwema alimcheka kidogo, kama tunavyowacheka waume zetu wanapohuzunikia kitu kisicholiwa.

Mitego ilikuwa vizimba vikubwa vya waya juu ya maghorofa, na ndani yake anaachwa kunguru mmoja hai, mwenye maji na nyama, wa kuwaita wenzake. Wakiingia hawatoki. Uwesu anawavunja shingo, na malipo ni kwa miguu. Mwanzoni mradi ulihesabu mizoga, lakini wajanja wakawa wanaleta mzoga mmoja mara mbili, basi ikaamuliwa miguu ikatwe, itiwe chumvi, ingoje Ijumaa gari la mradi lipite kuikusanya. Ijumaa ile gari halikuja. Iliyofuata halikuja. Mlinzi wa ghorofa akasema ndoo inanuka, ama iondoke ama aitupe. Uwesu akaibeba nyumbani, akaificha nyuma ya pipa la maji uani, na Badria, siku ya zamu yake ya kuchota maji, akaifunua akidhani ni tupu.

* * *

Uani Siwema aliwakuta wapangaji wote wamejaa, hata wale wa vyumba vya mbele ambao kwa kawaida hawana muda na mtu. Bi Maimuna, mwenye nyumba, alikuwa kwenye kigoda chake anachambua mchele, na alipoona Siwema ameingia hakuinua uso. Ndoo ilikuwa katikati ya ua, wazi.

"Badria, umenipigia picha ndoo yangu ukairusha mjini?"

"Nimepiga nilichokikuta."

"Ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini, Mama Kuruthumu? Miguu imeshajibu." Badria alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na alizungumza huku akijitikisa ili mtoto asiamke. "Mimi nanyonyesha. Toka Ramadhani imekwisha nakula kwako kila jioni. Niambie nimekula nini."

"Umekula kuku. Nanunua Ilala wazima, wanachinjwa macho yangu yanaona."

"Na miguu yao huwa inakwenda wapi?"

"Si nauza. Na wewe umeila."

Lilikuwa jibu la kweli na lilikuwa jibu baya. Siwema alisikia namna maneno yake yalivyotua masikioni mwa watu. Badria aliitazama ndoo, akamtazama yeye, akajishika tumbo.

Uwesu aliingia wakati huohuo, na harufu ya nyama ya chambo ikaingia pamoja naye. Alitoa salamu. Waliitika wawili watatu, kwa ajili ya Mungu tu. Alipoelewa kinachosemwa alianza kueleza habari za mradi, za Pugu, za makinda, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kuangalia viganja vyake.

"Kwa hiyo unaua ndege ili ndege wapone," alisema mpangaji mmoja wa mbele. "Bro, hiyo hadithi katunge upya."

Wengine walicheka. Bi Maimuna aliweka ungo chini.

"Msicheke. Kunguru ni haramu, na aliyevunjwa shingo ni nyamafu. Mtu akidhani amelishwa hicho, hatolewi wasiwasi kwa kelele." Alimgeukia Siwema, na sauti yake ilikuwa ya mama. "Mwanangu, mimi nakujua. Lakini nyumba yangu imeshatajwa kwenye simu za watu. Jumapili asubuhi nitautoa Msahafu, uape hapa mbele yetu. Ukiapa, Badria atarusha video nyingine kukusafisha, na mimi mwenyewe nitakwenda kula kuku mezani kwako watu wanione. Usipoapa, mwisho wa mwezi mniachie chumba changu."

"Nitaapa hata sasa hivi," alisema Siwema.

"Jumapili. Hasira zikipoa."

* * *

Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofa ya tatu, Mchafukoge. Walikwenda kwa miguu, wakakata viwanja vya Mnazi Mmoja. Siwema alikuwa amevaa dera lake la sherehe ili wamheshimu. Msichana wa mapokezi aliuliza shida yao, akasikiliza, kisha akauma mdomo.

"Samahani, mama. Wewe ndiye yule wanayemwita kunguru fraidi?"

Waliambiwa wakae kwenye benchi, wakakaa mpaka jua likahama dirishani. Kila mfanyakazi aliyepita alipunguza mwendo kumtazama, na mmoja alirudi mara ya pili akijifanya amesahau kalamu.

Elibariki, msimamizi wa mitego, hakuwa mtu mbaya. Aliwaletea soda yeye mwenyewe. "Poleni sana. Nimeiona hiyo video. Lakini Bwana Uwesu, ndoo ilitakiwa ibaki kwenye mtego."

"Gari halikuja, bosi. Mlinzi akanifukuza nayo."

"Ungenipigia."

"Nilikupigia. Ukasema niihifadhi mahali salama."

Elibariki aliangalia dirishani kidogo.

"Sisi hatukuja kulaumu," alisema Siwema. "Naomba mtu mmoja tu, avae shati lile lenye nembo, asimame pale mezani kwangu, aseme miguu hii ni ya kazi, inakusanywa na ofisi. Watu wakiona shati wataamini."

"Mama, nakuelewa kabisa. Ila mimi si msemaji. Kibali cha kuongea na watu kinatoka juu, na wa juu wako semina."

"Semina inaisha lini?"

"Hawajasema. Na kusema kweli, juu wanaogopa. Tukienda pale kutetea kuku, kesho itaandikwa kwamba mradi ndio unauza kunguru. Mradi wote utafungwa, na huu ndio msimu msituni wanataga." Aligeuza kioo cha kompyuta. "Angalia hapa, Bwana Uwesu. Pugu, wiki iliyopita. Kiota cha chozi. Makinda matatu. Kijana wetu aliporudi kesho yake, kiota kitupu na kunguru wawili wamekaa juu ya tawi."

Uwesu aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Makinda yalikuwa midomo mitupu, myekundu ndani, wazi. Alikunja uso kama mtu aliyeonyeshwa msiba wa kwao. "Hii ni njia ya kisimani," alisema polepole. "Naujua huu mti."

Siwema alimwangalia mumewe na akaona wivu, tena wivu wa kweli, kwa vindege vitatu vilivyokufa. Watu wamefunga safari na kamera kwenda msituni kuvitafuta.

"Na mimi nani atanipiga picha nionewe huruma?" alisema. "Ah, nimesahau. Nimeshapigwa."

Elibariki alicheka bila kukusudia, akaomba radhi. Soda ya Siwema ilibaki haijafunguliwa.

* * *

Jumapili asubuhi alitawadha vizuri, akajifunga kanga mpya. Usiku uliotangulia alikuwa amekata na kuwaunga kuku wa kutosha sinia mbili, kwa tumaini la kufungua meza mara tu kiapo kikiisha, Bi Maimuna akiwa mteja wa kwanza. Kuruthumu alikuwa ameshakwenda madrasa. Uwesu alikuwa ameketi kitandani anafunga kamba za viatu.

"Baba Kuruthumu, nakwenda kushika Msahafu. Kama kuna neno nisilolijua, niambie sasa."

Aliuliza kwa kutimiza wajibu tu. Uwesu aliendelea na kamba zake.

"Kisu," alisema.

"Kisu gani?"

"Changu kilinidondoka juu ya ghorofa, kikaishia mtaroni. Nikachukua chako cha mpini mwekundu. Siku chache tu, nilipoleta ndoo hapa na kuna kunguru wengine sijawakata miguu. Nilikuwa nakirudisha kabla hujaamka. Nimekiosha, mke wangu. Kwa sabuni, kwa mchanga, kwa maji ya moto."

Siwema alikaa. Kisu cha mpini mwekundu ndicho alichokatia kuku kila asubuhi, na ndicho alichokatia hao wa leo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekununulia kingine."

"Ndiyo hiyo niliogopa. Kila siku unasema hela ya kunguru haionekani, halafu nije nikuombe na kisu?"

Hakuwa na nguvu ya kumgombeza. Nje alisikia jamvi likitandikwa.

"Sikiliza," Uwesu alisema, na sauti ilikuwa imekwisha kabisa. "Wanakuuliza kunguru, hawakuulizi kisu. Apa kwamba hukumkaanga kunguru. Ni kweli tupu. Tukitoka hapa tutakwenda wapi?"

Alitoka na neno hilo moyoni, na alipofika jamvini alikuwa ameamua kulifuata. Wapangaji walikuwa wamekaa. Samson alikuwa mlangoni na simu mkononi, ametumwa na wenzake wa sokoni apeleke ushahidi, na alimwinamishia kichwa Siwema kwa haya. Bi Maimuna aliufungua Msahafu kwenye kitambaa chake cha kijani, akauweka juu ya mto.

"Weka mkono, mwanangu. Badria, sema unachotaka aape, uridhike."

Badria alisogea. Macho yake yalikuwa mekundu. Naye hakuwa amelala. "Aape kwamba hakuna cha kunguru kilichogusa chakula alichotulisha."

Siwema aliweka mkono. Hakuwa mcha Mungu wa kutolewa mfano. Alasiri nyingi zilimpita karai likichemka. Maneno aliyoshauriwa na mumewe yalikuwa tayari mdomoni. Lakini swali halikuwa lile walilolitegemea chumbani, na mtoto wa Badria alikuwa anamtazama juu ya bega la mamaye huku ananyonya kidole. Aliogopa.

"Wallahi," alisema, "sijawahi kukaanga kunguru, wala kuuza, wala kumleta jikoni kwangu." Bi Maimuna alikuwa ameanza kuukunja ukingo wa kitambaa, ameridhika. "Lakini kisu ninachokatia kuku, mume wangu alikatia ile miguu siku chache. Mimi sikujua. Alikiosha. Nimejua leo asubuhi."

Uwesu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwao, alirudi ndani.

"Kisu kikioshwa kimetwahirika," alisema Bi Maimuna haraka. "Hapo hapana neno. Mmesikia wote, hapana neno."

"Sheria sawa, Bi," alisema Badria. "Tumbo langu silo sheria." Alimshusha mtoto mgongoni, akampa mtu, akakimbilia bafuni, na wote wakakaa wakimsikiliza akitapika.

Samson aliishusha simu. "Mama, hii niirushe, nisiirushe?"

"Irushe yote."

Aliirusha yote, tumpe haki yake. Ila mpaka saa nne watu walikuwa wameshaikata, wakabakiza pale kwenye kisu tu, na ndiyo iliyofika Kariakoo nzima. Siku hizi mtu akitaka kukusikia nusu anao uwezo.

Wapangaji walitawanyika bila kumsemesha. Bi Maimuna aliufunga Msahafu, akambusu Siwema kichwani, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie: "Si ungesema lile la kwanza ukanyamaza, mwanangu. Mungu alikuwa ameshakuelewa." Kisha akaongeza kwamba mwisho wa mwezi ni uleule, maana ameshasema mbele za watu.

* * *

Meza haikufunguliwa. Lakini kuku walikuwepo, na hakuna friji, na Siwema hakulelewa kutupa chakula. Aliinjika karai chumbani kwake mlangoni, akakaanga wote, sinia mbili. Ilinukia pilipili manga na ndimu hadi koridoni, na kando ya korido milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Uwesu alikuwa ameketi sakafuni. Hakuwa amekwenda kwenye mitego. Yule kunguru wa kuitia wenzake alikuwa ghorofani bila maji. Alisema, kama mtu anayetafuta neno lolote la kusema: "Msituni huko wanataga sasa."

"Heri yao," alisema Siwema. "Wana pa kutagia."

Uwesu aliinamisha kichwa. Hapo ndipo Siwema alipomhurumia, na huruma hiyo haikumsaidia kitu yeyote kati yao. Kesho Uwesu atapanda tena ghorofani, maana kazi iliyobaki nyumbani ni hiyo moja, ileile iliyoua nyingine.

Kuruthumu alirudi madrasa njaa imembana, akavua ushungi, akanawa mikono kwa adabu kama alivyofunzwa. Siwema alipakua ugali na mchicha, akaweka sinia la kuku katikati, limejaa, zaidi ya siku yoyote waliyowahi kula. Walisema Bismillahi wote watatu. Mtoto alinyoosha mkono kuelekea paja, akausimamisha njiani.

"Mama, hiki ni kuku?"

"Ni kuku, mwanangu," alijibu Uwesu. "Kula."

Kuruthumu alimtazama baba yake usoni, kisha mikononi. Alirudisha mkono, akamega ugali, akauchovya kwenye mchicha, akala.

Siwema hakumgombeza. Alilisogeza bakuli la mchicha karibu na mtoto, alifikie vizuri.